Kufufua kompyuta ya zamani nyumbani: Kebo inayoweza kumfundisha mtoto, au kumdhuru

Kinampanda. Kompyuta ya zamani haifi kwa siku moja. Mara nyingi mashine yenyewe bado inawaka, feni inazunguka na taa ya kijani inaonekana, lakini kioo chake kimeungua au waya wa picha umekatika. Basi inawekwa stoo, ikisubiri fundi ambaye hafiki.

Katika eneo kama Kinampanda, kata iliyoko Wilaya ya Iramba mkoani Singida na yenye chuo cha ualimu, mashine ya namna hiyo haikosi wa kuitamani. Yupo mtoto wa sekondari anayetaka kujifunza kuchapa. Yupo mwanachuo anayetaka kuandaa somo. Na sebuleni ipo televisheni ya kisasa ambayo ingeweza kuwa kioo cha kompyuta hiyo, kama tu ingepatikana kebo ya kuziunganisha.

Kebo hiyo inaweza kutengenezwa nyumbani, na kwa mtoto mdadisi ni somo zuri la sayansi kwa vitendo. Lakini kazi hiyo hutumia risasi, moto, moshi na umeme. Kwa mzazi, swali la kwanza ni je, nani ataigusa, wapi, na atanawa nini kabla ya kula? Swali la kama picha itatokea linafuata baadaye.

Kwanza, angalia tundu nyuma ya kompyuta

Kadi ya picha ni sehemu ya kompyuta inayogeuza hesabu za mashine kuwa picha. Tundu lake huonekana nyuma ya boksi la kompyuta, na idadi ya matundu madogo ndani yake hueleza umri wa kadi.

Kadi za kwanza za kampuni ya IBM, zilizotoka mwaka 1981, zilikuwa na tundu la pini 9. Mwaka 1987 IBM ilileta mfumo wa VGA wenye pini 15 zilizopangwa katika mistari mitatu, na mfumo huo ukaenea dunia nzima kwa zaidi ya miaka 20.

Historia ya Tanzania inasaidia kubashiri ipi itakutwa stoo. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni bila kibali. Milango ilipofunguliwa tena miaka ya 1990, wakati ambao pia televisheni za Tanzania Bara zilianza kurusha matangazo, mfumo wa pini 15 ulikuwa umeshatawala. Ndiyo maana kompyuta nyingi za zamani zinazokutwa majumbani na shuleni zina tundu la pini 15.

Tofauti hiyo si ndogo. Kadi ya pini 15 hutoa rangi kwa umeme mdogo sana, usiozidi volti 0.7, na huchora mistari takribani 31,500 kwa sekunde. Kadi ya rangi ya mwaka 1981 yenye pini 9 hutoa hadi volti 5 na huchora takribani mistari 15,700 tu kwa sekunde. Kwa hiyo kuunga waya moja kwa moja kutoka tundu la pini 9 kwenda la pini 15 hakuleti picha, na kunaweza kuharibu televisheni ya familia. Kadi hiyo ya rangi ya IBM ina tundu moja la mviringo pembeni, ambalo huweza kuingia kwenye tundu la njano la televisheni inayokubali mfumo wake. Zaidi ya hapo inahitaji kigeuzi maalumu.

Kosa jingine linalomaliza fedha za wazazi ni kununua waya mtupu wenye kichwa cha pini 15 upande mmoja na kichwa cha HDMI upande wa pili. Kadi ya zamani hutoa mawimbi ya analojia, wakati HDMI ni dijitali. Waya pekee hauwezi kutafsiri lugha hizo mbili. Televisheni isiyo na tundu la pini 15 inahitaji kigeuzi chenye saketi ndani na kinachopewa umeme wake. Kabla ya safari ya kwenda Kiomboi au Singida mjini kutafuta vifaa, ni vema kupiga picha matundu yote mawili, la kompyuta na la televisheni, na kumwonyesha muuzaji.

Nyaya tano na daftari moja

Ikiwa pande zote mbili zina tundu la pini 15, kazi ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Kati ya pini hizo 15, picha inahitaji njia kuu tano tu pamoja na nyaya za kurudisha umeme.

Pini ya 1 hubeba rangi nyekundu, ya 2 kijani na ya 3 bluu. Pini ya 6, 7 na 8 ni njia za kurudi za rangi hizo kwa mpangilio uleule. Pini ya 13 na ya 14 hubeba mapigo ya kupanga picha. Pini ya 5 na ya 10 ni za kurudisha umeme. Kila namba huungwa na namba kama yake upande wa pili.

Mtoto anayeuliza mapigo hayo ni ya nini anaweza kujibiwa kwa daftari lake. Pini ya 13 ni kama mwalimu anayesema “anza mstari mpya”. Pini ya 14 ni kama mwalimu anayesema “fungua ukurasa mpya”. Televisheni ikikosa sauti ya kwanza haijui mstari unaishia wapi, na ikikosa ya pili haijui ukurasa umeisha lini. Katika mfumo wa kawaida wa VGA kurasa hizo hufunguliwa mara 60 au 70 kwa sekunde, ndiyo maana jicho huona picha moja iliyotulia.

Pini ya 9 iachwe bila waya. Katika kompyuta nyingi pini hiyo hubeba volti 5, na ikigusana na jirani yake inaweza kuunguza kadi. Pini ya 12 na ya 15 husaidia kompyuta kuitambua televisheni. Bila hizo picha huja, ila kompyuta inaweza kuchagua ukubwa wa kawaida tu.

Chanzo rahisi cha waya ni kebo ya zamani iliyoharibika kichwa. Ndani yake kuna nyaya tatu nene za rangi, kila moja ikiwa imezungushiwa nyuzi za shaba zinazoizuia isichanganye mawimbi na jirani yake. Nyaya nyembamba zinazobaki hutofautiana rangi kulingana na kiwanda, hivyo haifai kukisia. Kila waya upimwe kwa testa ya fundi, ile inayolia ncha mbili zinapokuwa zimeungana. Urefu wa mita 1.5 hadi 2 unatosha, kwani waya mrefu na hafifu hufifisha picha.

Risasi ipo kwenye mikono kuliko kwenye moshi

Hapa ndipo afya ya familia inapoingia.

Kuunganisha waya na kichwa cha kebo hufanywa kwa chuma cha kulehemu cha umeme, kile anachotumia fundi redio, ambacho ncha yake hufikia nyuzi joto 350 hivi. Waya laini unaoyeyushwa kwenye kiungo umezoeleka kuitwa risasi, na jina hilo ni la kweli. Aina iliyozoeleka ni mchanganyiko wa bati asilimia 60 na risasi asilimia 40, madini yaleyale ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto.

Wazazi wengi huogopa moshi na kusahau mikono. Kwa joto la kawaida la kulehemu, risasi haigeuki mvuke kwa kiasi kikubwa. Moshi ule mweupe hutokana na utomvu wa msonobari uliomo ndani ya waya, na madhara yake makubwa ni kuwasha macho, koo na mapafu. Kwa mtu mwenye pumu unaweza kumletea shambulio, na kwa anayeuvuta mara kwa mara unaweza kuanzisha pumu.

Risasi yenyewe huingia kwa njia nyingine. Hubaki kwenye vidole vilivyoshika waya, kwenye chembe zilizodondoka mezani na kwenye nguo. Kisha mtoto anashika andazi, ananyonya kidole, au anatambaa chini ya meza ileile.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya watu wazima kwa kiasi kilekile walichomeza. Risasi hupunguza uwezo wa kujifunza na kuzingatia, huchangia upungufu wa damu, na hujificha kwenye mifupa na meno kwa miaka. Mama mjamzito aliyewahi kuathirika anaweza kumpa mtoto aliye tumboni, kwa sababu wakati wa ujauzito risasi iliyokaa kwenye mifupa hurudi kwenye damu. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unataka mtu mwenye mikrogramu 5 au zaidi za risasi kwa kila desilita ya damu atafutiwe chanzo na kuondolewa hapo.

Ubaya wake ni kwamba dalili hazipigi hodi. Mtoto anaweza kuonekana mzima huku akishuka darasani. Maumivu ya tumbo, kukosa choo, uchovu na hasira za mara kwa mara huweza kutokea, lakini hufanana na maradhi mengine mengi. Kipimo cha damu ndicho hutoa jibu.

Somo kutoka Mombasa

Afrika Mashariki imewahi kuona jinsi risasi inavyoingia majumbani. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliishi jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu. Watoto walikutwa na risasi katika damu, na Julai 2020 mahakama mjini humo iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya. Shauri hilo liliendelea katika mahakama za juu kwa miaka kadhaa.

Kebo moja ya nyumbani haiwezi kulinganishwa na kiwanda. Viungo 20 vya kulehemu hutumia kipande kidogo tu cha waya. Lakini njia ya sumu kumfikia mtoto ni ileile: vumbi, vidole na mdomo. Njia hiyo mzazi anaweza kuifunga bila gharama kubwa.

Jinsi ya kufanya kazi kwa usalama

Njia salama kuliko zote ni kutolehemu kabisa. Zipo plagi za pini 15 zenye skrubu ndogo, ambapo waya huingizwa na kukazwa kwa bisibisi. Mtoto hujifunza mpangilio uleule, bila moto wala risasi. Zikipatikana, ndizo za kuchagua kwanza.

Ikibidi kulehemu, ununuliwe waya usio na risasi, uliotengenezwa kwa bati na shaba au fedha kidogo. Huyeyuka kwa joto la juu zaidi, kuanzia nyuzi 217 hadi 227 kutegemea aina, wakati wa kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi. Kwa hiyo unahitaji subira zaidi, na moshi wake bado haufai kuvutwa.

Sehemu ya kazi iwe barazani au dirishani, upepo ukipeleka moshi mbali na uso. Isiwe jikoni wala juu ya meza ya chakula. Litandikwe gazeti la kutupwa. Asile mtu, asinywe mtu, na waya usishikwe kwa meno, tabia iliyozoeleka kwa mafundi wenye haraka. Miwani ivaliwe, kwani matone ya moto huruka. Mama mjamzito, anayenyonyesha na watoto wadogo wakae mbali hadi usafi uishe.

Baada ya kazi, meza ifutwe kwa kitambaa kibichi. Kufagia kwa ufagio mkavu hurusha chembe hewani. Mikono inawiwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kucha zisuguliwe, na kitakasa mikono kisitegemewe kwa sababu hakiondoi risasi. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Hata vumbi la ndani ya kompyuta ya zamani lisipulizwe kwa mdomo. Lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, mashine ikiwa imechomolewa kwenye umeme.

Lishe nayo ni kinga. Mwili wenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi. Maharage, dagaa, mboga za majani na maziwa ni sehemu ya ulinzi, na mtoto asifanye kazi hiyo akiwa na njaa.

Mtoto akililia wembe, apewe nini?

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Kwa chuma chenye nyuzi joto 350, busara ni kumpa kazi inayolingana na umri wake.

Aliye chini ya miaka 6 asikae kwenye chumba cha kazi. Wa miaka 7 hadi 12 anaweza kuchora ramani ya pini, kuandika orodha ya nyaya na kushika testa wakati wa kupima kebo ambayo haijachomekwa popote. Kijana wa miaka 13 na kuendelea anaweza kulehemu kwa waya usio na risasi, mtu mzima akiwa amekaa pembeni yake muda wote, simu ikiwa mfukoni.

Kiungo kimoja huhitaji sekunde mbili au tatu. Chuma kiguse pini na waya kwa pamoja, kisha risasi iguswe pale palipopata joto. Kiungo kizuri hukaa laini. Namba za pini zimeandikwa kwa maandishi madogo kwenye plastiki ya plagi, na zisomwe hapo, kwa sababu ukiigeuza plagi upande wa kulehemu mpangilio hugeuka kama kwenye kioo cha kujitazama.

Kabla ya kuchomeka, kila pini ipimwe na mwenzake, kisha na jirani zake. Testa ikilia kati ya majirani wasiotakiwa kuungana, kuna chembe imewagusanisha. Pini ya 5 hadi ya 8 na ya 10 zinaweza kulia pamoja kwa kuwa zote ni za kurudisha umeme. Kompyuta na televisheni zizimwe ndipo kebo ichomekwe.

Picha ikija na kasoro, rangi yenyewe hutaja kosa. Ikielekea njano, bluu haifiki. Ikielekea waridi, kijani kimekatika. Ikielekea rangi ya maji ya bahari, nyekundu ndiyo iliyopotea. Televisheni ikisema hakuna mawimbi, pini ya 13 au 14 ichunguzwe. Kivuli pembeni ya herufi mara nyingi hutokana na nyuzi za shaba za kuzungushia ambazo hazikuungwa.

Mambo yasiyoruhusiwa nyumbani

Televisheni au monita ya kichogo isifunguliwe kabisa. Ndani yake umeme hufikia zaidi ya volti 20,000 kwa zile za rangi, na unaweza kubaki hata baada ya kuchomolewa ukutani. Kioo chake kina risasi nyingi, hivyo kisivunjwe wala kufanywa mchezo.

Mabaki ya nyaya yasichomwe moto ili kupata shaba. Plastiki yake ikiungua hutoa moshi wenye sumu, zikiwemo dayoksini. Ripoti ya WHO ya mwaka 2021 ilionya kuwa watoto na wajawazito walio karibu na taka za kielektroniki hukabiliwa na hatari kubwa. Mabaki yawekwe kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na watoto na mifugo, hadi yapelekwe kwa fundi au mkusanyaji anayezitambua taka hizo. Yasitupwe shambani wala karibu na kisima.

Mtoto akiungua, sehemu iliyoungua iwekwe chini ya maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Pasipo bomba, maji yamwagwe polepole kwa kikombe. Dawa ya meno, majivu, mafuta ya kula na asali visipakwe. Malengelenge yasipasuliwe. Akiungua usoni, jichoni, kiganjani au sehemu kubwa, apelekwe kituo cha afya. Na mtoto aliyemeza kipande cha risasi apelekwe siku hiyohiyo hata kama anacheza vizuri, na mzazi aseme wazi alichomeza ili mganga ajue cha kupima.

Picha ikishatokea, kazi ya mzazi haijaisha. WHO inashauri mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku. Wakubwa wao wanahitaji ratiba inayoacha nafasi ya kulala, kucheza nje na kusoma.

Kompyuta iliyofufuliwa kwa kebo ya kutengenezwa nyumbani haitakuwa ya kisasa. Itachapa barua, itafungua somo, na itamwonyesha mtoto kwamba kitu kilichoharibika kinaweza kueleweka na kurekebishwa. Faida hiyo ni kubwa, mradi mikono iliyoitengeneza iwe imenawa kwa sabuni kabla ya kukaa kwenye sahani ya ugali.